Kilima cha Kvernlia

Ragnfrid alikishika kijumba kwa koleo ndogo, akakipachika juu ya mteremko wa udongo wa mfinyanzi, kisha akapuliza vumbi lililokaa paani. Kilikuwa kipande cha mti, kidogo kama ukucha.

"Kisogeze kushoto kidogo," alisema Torgeir, mwenzake wa maabara. "Nyumba ya mama yako iko karibu zaidi na mto."

Akakisogeza. Hakusikia lolote moyoni. Tangu wamzike mama yake mwezi Machi alikuwa hivyo hivyo: anakula mkate na jibini, anakunywa kahawa iliyopoa, anajibu akiulizwa.

Udongo wenyewe ulitoka kijijini Kvernlia, umechimbwa uani kwa mama yake na kuletwa jijini Trondheim bila kuvurugwa. Sasa ulikuwa ndani ya sanduku, na sanduku limefungwa kwenye ncha ya mkono wa chuma mrefu kama basi. Mkono ule ukizungushwa kwa kasi, mteremko wa nusu mita huelemewa kama kilima kizima.

"Nenda kapumzike," Torgeir alisema, akiufunga mlango mzito wa chumba cha mashine. "Nitaiendesha mwenyewe. Si lazima utazame."

"Nitatazama."

"Ragnfrid, ile ni nyumba uliyokulia."

"Ni kijiti, Torgeir. Washa."

Mashine ikaanza kuvuma, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyao. Kwenye skrini mteremko ulionekana umetulia tuli, kana kwamba hakuna kinachozunguka. Torgeir akafungulia maji, yakaanza kupenya udongoni kama theluji inapoyeyuka mvua ikiwa inanyesha juu yake. Ragnfrid alikaa, mikono mapajani.

Anguka, alisema kimoyomoyo.

Mteremko haukuanguka.

"Ongeza maji."

"Tumeshapita mvua yoyote iliyowahi kunyesha kule."

"Ongeza tu."

Akaongeza. Ufa mwembamba ukatokea kando ya mto, bonge moja likamegeka, basi. Kijumba hakikutikisika. Walingoja alasiri nzima, mpaka tangi likakauka na mvumo wa mashine ukaanza kuwaumiza kichwa.

Torgeir akazima. Mkono ukapunguza mwendo taratibu, ukasimama. Aliangalia vipimo, akavirudia tena, kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Kilima kinastahimili," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye chumba kimoja na mgonjwa. "Inabidi watu wa Kvernlia waambiwe. Utawapigia simu wewe?"

"Wapigie wewe."

"Watafurahi."

"Najua."

Ragnfrid akavaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni.

Kule Kvernlia nyumba zote zilikuwa bado zimesimama, ya mama yake ikiwemo, tupu tangu vuli ile Ragnfrid alipopiga hesabu zake na kuwaambia watu wahame kabla kilima hakijaanguka. Mama yake alikuwa wa mwisho kukubali. Alifia mjini, kwenye chumba cha makao ya wazee, na hadi Jumapili ya mwisho alikuwa akimuuliza binti yake kama kilima kimeshaanguka.