Mpira wa Klachi

Breki mpya zilikuwa tayari. Maximilla alipanda pikapu ya marehemu mumewe pale gereji ya Lurambi, akakanyaga klachi, kisha akautoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Fundi, hapa umefanya nini?"

"Nimekuwekea mpira mpya wa kukanyagia, mama. Ile ya zamani ilikuwa imeisha upande mmoja, mpaka chuma inaonekana. Hiyo hulipi. Mzee alikuwa mtu wangu."

Mpira uliisha upande mmoja kwa sababu mguu wa mumewe ulivunjwa na trela ya miwa, ukaunga ukiwa umepinda. Miaka yote alikanyaga klachi kwa ukingo wa kiatu, mpaka kiatu kikachimba kishimo kwenye mpira. Tangu mazishi, Maximilla alikuwa akivua ndara kabla ya kuendesha, ili kidole gumba cha mguu wake kilale humo.

"Ile ya zamani iko wapi?"

Fundi aligeukia jiko alilokuwa akipashia kiraka cha tyubu. Moshi mweusi ulikuwa bado unapanda.

"Mpira ikiisha, mama, sisi tunatumianga kuwashia moto."

Maximilla alishuka, akapiga magoti mbele ya jiko, akakunja mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko.