Ombi kwa Makau

Ombi la Mutindi lilikaa bila jibu tangu Jumatano, na jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

Alilituma kutoka ofisini Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, kama kawaida. Yeye aliandika programu. Makau ndiye aliyezipandisha hewani, zianze kutumika mtandaoni. Makau alikuwa na violezo vyake, kurasa za maagizo zinazoieleza mitambo ya mbali ijenge seva gani, itunze data wapi, ifungue mlango upi na kufunga upi. Akipata ombi alichagua kiolezo, akakiendesha, kisha akajibu kwa neno moja: "Imepanda."

Safari hii ilikuwa programu ya damu. Hospitali zingeulizana kupitia hiyo ni wapi kuna damu ya aina inayotakiwa, badala ya kupigiana simu huku mgonjwa anasubiri.

Ijumaa ujumbe ukaingia kutoka kwa namba ya Makau.

"Makau ametuacha. Tunazika Jumamosi ijayo, nyumbani Katangi."

Mutindi aliusoma, akaenda jikoni mwa ofisi, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Hakulia. Alirudi kwenye kiti chake na kuendelea na kazi hadi saa ya kwenda nyumbani, na jioni hakukumbuka alikuwa ameandika nini.

Hawakuwa wameonana hata siku moja. Mutindi alipoajiriwa, Makau alikuwa ameshahamia kwao, akifanyia kazi huko. Kwenye mikutano hakuonekana wala kusikika, aliandika tu. "Mtandao wa huku hauwezi video," alieleza, na kwa kuwa kazi yake haikuchelewa, hakuna aliyemsumbua.

Lakini mama yake Mutindi alipolazwa, ni Makau aliyeandika, "Nenda kwa mama. Kazi hii nitaishika mimi." Kila jioni aliulizia. Amekula? Wanamgeuza kitandani? Mwambie nesi aweke mto chini ya visigino, visigino huharibika kwanza. Mutindi alizisoma jumbe hizo mara nyingi kuliko alivyoweza kukiri.

Mara moja tu Makau aliomba kitu. Aliuliza kama kuna nafasi kwa mtu anayeijua kazi hii vizuri, ila hajawahi kuajiriwa. Mutindi alimfikishia Kitonga, mkubwa wao. Kitonga hakuinua hata macho. "Hatuko na muda wa kufundisha watu," alisema. Makau hakuuliza tena.

Wiki ile yote vijana wa ofisini walijaribu kuipandisha programu ya damu bila yeye, wakashindwa. Siku ya mazishi Kitonga alimpa Mutindi gari la kampuni.

"Ukishatoa rambirambi, uje na laptopu yake. Uombe kwa heshima, lakini uje nayo. Funguo zote za mitambo ziko humo."

Katangi kulikuwa na jua kali. Hema mbili zilisimamishwa mbele ya nyumba, akina mama wa kanisa wakiimba, na nyuma ya nyumba muthokoi wa mahindi na maharagwe ukichemka kwa sufuria kubwa. Mutindi alijiona kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: alijua upo, lakini hakuuhisi.

Mjane alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, macho makavu. Aliitwa Mbinya. Mutindi aliinama kumsalimia.

"Pole sana, mama. Mimi ni Mutindi, wa kazini."

Mbinya aliushika mkono wake, akakawia kuuachilia. "Nakujua. Mama yako anaendeleaje? Alianza kutembea?"

"Anatembea, tunashukuru."

"Hiyo ni vizuri."

Mutindi alirudi kuketi. Aliwaza kwamba mume humweleza mkewe habari za kazini, na kwamba hata yeye alikuwa ametajwa katika nyumba hii. Wazo hilo lilipita bila kumgusa popote. Neno la laptopu lilikuwa bado mdomoni, na kila alipomtazama mjane alilimeza.

Ndunda, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama kusema machache.

"Makau alikuwa na kichwa," alisema. "Alisomea kompyuta chuoni, na huko ndiko alikompata Mbinya, darasa moja. Mungu akamjalia kazi nzuri Nairobi. Halafu akaja likizo, akapanda juu ya nyumba kufunga tangi la maji, akaanguka." Alifuta uso kwa kitambaa. "Huu ni mwaka wa nne. Hakuinua mkono tena. Hata jina la mtoto wake hakuweza kulitamka. Nyinyi majirani mmemwona."

Majirani waliitikia kwa vichwa.

Mutindi alimgeukia mzee aliyeketi kando yake. "Amesema mwaka wa nne?"

"Wa nne, mwaitu," mzee alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Amelala tu hivyo."

Mutindi alikuwa na miaka mitatu pale kazini.

Jeneza lilishushwa, mchanga ukarudishwa, mashada yakawekwa. Watu walianza kuelekea kwenye chakula. Mutindi alibaki amesimama mahali pale, mpaka akaona Mbinya anamjia, amekumbatia kitu ndani ya leso. Aliifunua. Ilikuwa laptopu, imefutwa vumbi, na waya wake umeviringwa vizuri.

"Najua wamekutuma hii," alisema, akamwekea mikononi. "Ile programu ya damu iko hewani. Nimeipandisha asubuhi, kabla hawajafika na jeneza. Pole kwa kuchelewa."