Mafuta Yasiyo na Manukato

Mafuta ya nazi na nta ya nyuki viliyeyuka katika bakuli juu ya maji ya moto. Mama alikoroga polepole, akachota tone, akalipaka ndani ya kiwiko chake na kusubiri kuona kama lingemwasha.

Mdogo wake, aliyekuwa akikaa naye tangu msiba, alichungulia bakuli.

"Dada, mbona hayanukii? Jirani ameagiza ya waridi, ya kwendea harusini. Unataka akanuke kama mshumaa?"

Mama alikaribia kucheka. "Manukato yanamwasha mtoto. Unajua ngozi yake ilivyo..."

Kijiko kilisimama.

Chupa ya waridi ilikuwa juu ya kabati. Haikuwahi kufunguliwa tangu alipozaliwa binti huyo, ambaye walimzika juma lililopita.

"Basi, dada yangu," mdogo wake alinong'ona. "Nitamwambia jirani asubiri."

"Hapana. Nipe hiyo chupa."

Kizibo kiligoma, kisha kikang'oka. Mama alitia tone moja, akatulia kwa mazoea, akisikiliza kama chumbani kuna anayejikuna.

Kisha akaimimina yote.