Mizinga Tisa ya Signe

"Umenimaliza, Noreen! Umenimaliza kabisa!"

Wendell alifunua mzinga mwingine, akatupa kifuniko kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka. Ndani, nyuki walikuwa rundo moja kavu. Mzinga wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, hata wa kusingizia hakuwamo.

Noreen ndiye mtafiti wa chuo kikuu aliyemwambia Wendell aache dawa. Utitiri, kale kadudu kanakofyonza nyuki na kuwaachia maradhi, kalikuwa kanamaliza mizinga Minnesota nzima, isipokuwa kwa bibi mmoja tu, Signe Tveit. Signe hakuwahi kutia dawa, na mizinga yake tisa ilikuwa ikivuma kila kiangazi. Noreen aliifuatilia miaka mitatu. Kila malkia alimpaka nukta ya buluu mgongoni, amtambue mwaka unaofuata, asije akadanganyika. Na kila Juni alipokuja, nukta alizikuta palepale. Mwenye macho haambiwi tazama, na huyu alikuwa na macho na hadubini juu yake! Basi akazalisha malkia kutoka ukoo huo, akawagawia wafugaji. Wendell alijaza shamba zima.

"Kesho kwenye mkutano wa wafugaji utawaambia nini wenzangu?" Wendell aliuliza, sauti imekwisha. "Mimi na mke wangu tunaanzia wapi na uzee huu?"

Noreen alikwenda moja kwa moja kwa akina Tveit. Ilikuwa Aprili, na Signe alikuwa bado Arizona kwa dada yake, anakokimbilia kukwepa baridi kila mwaka. Nyumbani alibaki mumewe, Arvid, mzee mrefu asiye na maneno, ambaye Signe hakuchoka kumtania: "Huyu akiona nyuki mmoja, anajifungia chooni!"

Leo hakujifungia. Alikuwa nyuma ya ghala, mikono mitupu, anamimina nyuki kwenye mzinga kutoka kisanduku cha wavu. Visanduku vingine vilikuwa bado kwenye gari.

"Mzee Arvid, hao ni nyuki wa nani?"

Arvid aliganda. Kisha akaketi juu ya ndoo.

"Wa kununua. Wanaletwa na lori kutoka California. Wale wa mwaka jana wamekufa. Hufa wote kila mwaka, mwanangu."

"Na nukta zangu?"

"Nawapaka malkia rangi ya kucha ya Signe. Buluu anayo."

Noreen alitaka kumtukana, akashindwa.

"Tulipomzika kijana wetu, Signe hakutoka kitandani mwaka mzima," Arvid alisema. "Nyuki ndio waliomtoa. Walipokufa mara ya kwanza, ningemwambiaje? Nakupigia magoti, usimwambie. Itamuua."

"Wendell amefilisika, mzee! Na wengine kumi!"

Arvid aliinamisha kichwa. Nyuki wageni walikuwa wanamtambaa mikononi, naye wala hakuwafukuza.

Noreen alirudi garini akalia kwa hasira. Kesho angesimama mbele ya watu, na habari zingefika Arizona kabla ya jua kuzama. Heri bibi wa watu asikie kutoka kwake kuliko kwa wambea. Akapiga simu.

"Mama Signe, nisamehe. Nina habari mbaya. Nyuki wako…"

"Wamekufa," Signe alisema taratibu. "Najua. Hufa kila mwaka."

"Unajua?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Mimi nimefuga nyuki tangu utotoni, nitashindwa kuwajua wangu? Lakini ungemwona Arvid ninaporudi! Hata koti sijavua, ananivuta mkono nikaone nyuki. Tangu tumzike mtoto, ndiyo siku pekee anayocheka. Ningemnyang'anyaje?"

"Na mimi je, mama? Uliniona napima, naandika, nawagawia watu malkia wale! Mbona hukuninong'oneza hata neno moja?"

"Nilidhani na wewe unajua, mwanangu," Signe alisema. "Nilidhani unamhurumia Arvid tu."