Mwiba wa Jogoo

Wanyama nao walikuwa na kanisa lao, na kila Alhamisi Kuu walioshana miguu. Punda, aliyechota maji tangu alfajiri mpaka mgongo ukamuuma, alipangiwa kumwosha Jogoo, mzee wa kanisa.

"Wewe, na vumbi lote hilo? Miguu yangu ni safi, bwana!"

"Haya, mzee," Punda akasema, akaketi kwa uchovu.

Jogoo akaelekea mimbarini kusoma, akachechemea, akaanguka mbele ya wote. Mahali penye mwiba aliouficha unyayoni siku nyingi palikuwa pametunga usaha.

Punda akajiinua tena, akainamisha kichwa mpaka sakafuni, akauchomoa kwa meno.

"Mbona hukusema, mzee?"

"Niliona aibu kuonekana nahitaji kuoshwa."

Punda akasogeza beseni, akauosha mguu ule. "Haya, lete na mguu wa pili."