Waliolala Juu ya Gesi

Siku hizi mtaalamu anayethibitisha kwamba mwamba ni salama kuchimbwa gesi sharti ahamie juu yake na familia yake. Ndivyo Zuhura alivyohamia Likwaya. Mambo yalikuwa shwari hadi asubuhi moja mumewe alipochota maji kisimani, akakuta yanatoa mapovu.

"Mama Sikudhani, si ulisema mwamba hauna ufa?"

Zuhura alilaza sikio sakafuni. Chini kulisikika kama mtu anavuta pumzi. Akaanza kufungasha.

Jirani yao, Bi Somoe, alichungulia mlangoni. "Mnahama?"

"Mwamba umepasuka. Ondokeni na nyinyi, wala msiwashe moto!"

Bi Somoe alicheka. "Acha utani. Tukikuona upo, sisi tunalala usingizi."

Akarudi jikoni kwake. Zuhura alimkimbilia, lakini akasikia kiberiti kikikwaruzwa.