Kusuka au Kunyoa

Mama Nuhu alikuwa amekwisha kumfumua nusu kichwa, na Zawena bado hajaamua. Kesho asubuhi kikosi cha akiba cha wanamaji kingepokea watu wapya, na sharti lao ni nywele fupi.

"Utajifunza injini, kazi unayoipenda," alisema msusi. "Na ni wikiendi mbili tu kwa mwezi."

"Mpaka waniite, Mama Nuhu. Wakikuita unaondoka na meli, hujui utarudi lini."

Mtoto wa Zawena alikuwa amelala kifuani pake. Tangu aachishwe ziwa hapati usingizi mpaka ashike msuko mmoja wa mama yake, na sasa alikuwa ameukamata ule wa nyuma ya sikio.

Mama Nuhu akafumua yote, ukabaki huo.

"Haya, mwanangu," alisema, kitana mkono mmoja, mkasi mkono wa pili. "Kusuka au kunyoa?"

Watu wa mji ule huulizana hivyo kila siku, kwa mambo yasiyohusu kichwa kabisa. Zawena akacheka kidogo. Kisha akachukua uzi, akaifunga ncha ya msuko iliyochomoza kwenye ngumi ya mtoto.

"Huu usiufumue," alisema. "Ukate huku juu, taratibu, asije akaamka."